Woga wa Nano Si Ujinga

Kuna jibu moja lililozoeleka kila linapoulizwa swali kuhusu usalama wa bidhaa zenye chembe za nano. Mama akiuliza kama losheni yenye chembe hizo inamfaa mwanawe, fundi akiuliza kama vumbi lake linashuka mapafuni, mwanaharakati akiuliza kwa nini lebo imekaa kimya, wote watatu hujibiwa kwa sauti ileile ya upole: hofu zenu tunazielewa, ila tatizo ni uelewa. Watu hawajaelimishwa. Wakielimishwa, hofu itaondoka yenyewe.

Jibu hili hulitoa maprofesa, mameneja wa masoko, maofisa wa serikali na waandishi wa habari za sayansi. Limeenea hata halionekani tena kuwa ni maoni. Linachukuliwa kama ukweli ambao mjadala unaanzia hapo. Mimi nasema ni maoni, tena mabovu, na gharama yake hawailipi wanaoyatoa.

Tuyatendee haki kwanza. Wanaoyashikilia wanasema hivi. Nanometa ni sehemu moja ya bilioni ya mita, na chembe za nano ni zile zenye ukubwa wa kati ya nanometa 1 na 100. Chembe za namna hiyo hazikuletwa na viwanda peke yake: zimo katika moshi wa kuni, katika majivu ya volkano, katika chumvi inayorushwa na mawimbi ya bahari. Mtu anayekataa losheni kwa sababu ina titani dioksidi ya nano, kisha akarudi nyumbani kupuliza moto wa mafiga, amevuta chembe nyingi kuliko zile alizozikimbia. Halafu, wanaendelea, hofu yenyewe ilipikwa na hadithi. Mwaka 1986 Eric Drexler aliandika Engines of Creation, kitabu kilichowazia vijimashine vinavyojizalisha hadi kuila dunia. Mwaka 2002 Michael Crichton akatoa riwaya ya Prey, ambamo kundi la vijimashine hivyo linawawinda binadamu. Mwaka uliofuata Mwanamfalme Charles wa Uingereza akaonyesha wasiwasi hadharani, magazeti yakashangilia. Wazungu wa Ulaya walikuwa wamekwisha kuvikataa vyakula vilivyobadilishwa vinasaba; ikaogopwa kwamba nano itafuata njia hiyo. Kwa hiyo dawa ni elimu: maonyesho, vipeperushi, vipindi vya redio, wataalamu wenye tabasamu.

Hoja imepangwa vizuri. Shida inaanza pale mtu anapoomba ushahidi.

1. Asiyejua ndiye asiyeogopa

Kama woga ungekuwa mtoto wa ujinga, wasioijua nano kabisa wangekuwa ndio waoga kupindukia. Mwaka 2009 Terre Satterfield na wenzake walichapisha katika jarida la Nature Nanotechnology uchambuzi wa tafiti 22 za maoni zilizofanyika Amerika Kaskazini, Ulaya na Japani. Zaidi ya nusu ya waliohojiwa walikuwa hawaijui teknolojia hii. Je, walitetemeka? Walioona kwamba faida zitazidi hatari walikuwa mara tatu ya walioona kinyume chake, na asilimia 44 walisema hawana hakika. Umma ule uliosingiziwa hofu ya kijinga ulikuwa, katika ujinga wake huohuo, umejaa matumaini.

Na ukielimishwa? Hilo nalo lilijaribiwa. Dan Kahan wa Chuo Kikuu cha Yale na wenzake waliwachukua Wamarekani zaidi ya 1,800, wakawagawa. Baadhi waliulizwa maoni yao bila kupewa maelezo yoyote. Wengine walisoma kwanza maelezo mafupi yenye uwiano, faida upande huu na hatari upande ule. Wasiosoma kitu hawakutofautiana sana. Waliosoma wakapasuka katikati. Wanaopenda soko huria na kuheshimu ngazi za mamlaka waliziona faida zaidi. Wanaothamini usawa na kuyatilia shaka makampuni makubwa waliziona hatari zaidi. Karatasi ilikuwa moja. Kila mmoja alisoma mle kile ambacho maisha yake yalimfundisha kukitafuta.

Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2009, katika jarida lilelile. Lakini kongamano likiitishwa leo, azimio la kwanza bado litakuwa "kuongeza uelewa wa wananchi". Inaelekea kuna kundi moja ambalo elimu haijaligusa.

2. Walioelimika ndio waliokunja uso

Mwaka 2007 Dietram Scheufele na wenzake walilinganisha majibu ya wanasayansi wa nano 363 wa Marekani na ya watu wazima 1,015 wa kawaida. Kuhusu uchafuzi wa mazingira, asilimia 20 ya wanasayansi walikuwa na wasiwasi, dhidi ya asilimia 15 ya raia. Kuhusu afya, zaidi ya asilimia 30 ya wanasayansi, dhidi ya 20 ya raia. Raia waliwazidi wanasayansi kwenye mambo mengine, kama vile kupotea kwa ajira na kupelelezwa faragha yao. Watu hawa hawakutofautiana kwa kiasi cha woga. Kila kundi liliogopa kile kinachoweza kulipata.

Haki inanilazimu kutaja kwamba mwaka huohuo Michael Siegrist na wenzake walipata picha tofauti huko Uswisi: raia walikuwa na wasiwasi kuliko wataalamu na watu wa viwanda. Watetezi wa elimu huupenda sana utafiti huu. Wasichopenda ni kuusoma hadi mwisho, maana Siegrist ameonyesha mara kadhaa kwamba kinachotangulia katika mawazo ya raia ni imani: anawaamini au hawaamini wanaoisimamia teknolojia hiyo? Tena alionyesha kwamba mlaji hapimi nano yote kwa kibaba kimoja. Chembe zikiwa kwenye kifungashio, anazikubali kwa urahisi zaidi. Zikiwa ndani ya chakula chenyewe, anasita. Mwaka 2006 taasisi ya serikali ya Ujerumani inayotathmini hatari za bidhaa, BfR, iliwakusanya raia 16 wa kawaida mjini Berlin, ikawapa wataalamu wa kuwahoji. Walipomaliza walitaka vitu vilivyo wazi: lebo, maana zinazoeleweka kisheria, na utafiti zaidi wa hatari kabla bidhaa hazijajaa madukani. Chakula ndicho kilichowatia wasiwasi kuliko nguo. Mtu anayetofautisha kinachomgusa ngozi na kinachoingia tumboni anahitaji somo gani?

Kisha kuna watu ambao hakuna atakayethubutu kuwaita mbumbumbu. Mwaka 2004 Royal Society na Royal Academy of Engineering za Uingereza zilitoa ripoti yao kubwa juu ya nano. Zilishauri kwamba kemikali ikitengenezwa kwa ukubwa wa nano ihesabiwe kuwa kemikali mpya mbele ya sheria, na kwamba viwanda na maabara vizichukulie chembe hizo kama zina madhara hadi itakapojulikana vinginevyo. Mwaka huohuo Swiss Re, kampuni inayoyakatia bima makampuni ya bima, ilichapisha onyo lake kwa wenzake. Watu wa bima hawasomi Crichton ili kupanga bei. Mwaka 2008 watafiti wa Edinburgh waliingiza mirija mirefu ya kaboni ya nano ndani ya uwazi wa tumbo la panya, wakaona utando wake ukivimba kama unavyovimba kwa asbesto. Na mwaka 2014 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliiweka aina moja ya mirija hiyo katika orodha ya vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Aina nyingine likasema ushahidi hautoshi kuzipanga popote. Hao wote, nao wapelekewe vipeperushi?

3. Mpya kwenye tangazo, ya kale kwenye lebo

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye uozo.

Mwenye kiwanda akienda kuomba hataza, chembe yake ni ugunduzi usio na mfano duniani. Akienda kutafuta wawekezaji, ni mapinduzi. Akifika mbele ya mamlaka ya udhibiti, ghafla ni titani dioksidi ileile ambayo babu zetu walipakia rangi nyumba zao, haina jipya, haihitaji vipimo vipya. Hoja zote tatu hutoka kinywa kimoja, pengine wiki moja. Basi raia akisema "hebu amueni, ni mpya au si mpya?", anaambiwa ana hofu.

Wanaopima hawakubaliani na usemi kwamba ni kitu kilekile. Mwaka 2011 taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, ilipendekeza kiwango cha juu cha vumbi la titani dioksidi ambacho mfanyakazi avute: miligramu 2.4 kwa mita moja ya ujazo ya hewa kwa vumbi la kawaida, na 0.3 kwa vumbi la nano. Kemikali ni moja, jina moja, na bado kikomo cha nano ni kikali mara nane.

Angalia sasa jina lenyewe linavyotumiwa. Mwezi Machi 2006, huko Ujerumani, iliuzwa dawa ya kupuliza ya kukinga vioo na bafu iliyoitwa Magic Nano. Ndani ya siku chache karibu watu 100 walilalamika kwa kikohozi na kushindwa kupumua, baadhi wakalazwa kwa kujaa maji mapafuni. Bidhaa ikaondolewa madukani. Baadaye ikaelezwa kwamba haikuwa na chembe za nano hata kidogo. Watetezi wa elimu hukisimulia kisa hiki wakicheka: mnaona, watu waliogopa nano isiyokuwepo! Nani aliandika "Nano" kwenye kopo? Si mama aliyekuwa anakohoa. Jina liliwekwa kwa sababu linauza. Lilipoanza kuumiza biashara, likageuka kuwa ujinga wa mteja. Sisi huku Afrika Mashariki tunaujua mchezo huo. Wakati wa corona maduka yetu yalijaa bunduki za kunyunyizia dawa zilizoandikwa nano, na hadi leo mwenye gari hakosi kuuziwa dawa ya nano ya kukinga rangi. Ukimuuliza muuzaji hiyo nano ni kitu gani, atakwambia ni "kali sana".

Mtu akitaka kujielimisha kweli, atasoma wapi? Marekani kulikuwa na orodha iliyoanzishwa mwaka 2005 na mradi wa Woodrow Wilson Center, ya bidhaa ambazo watengenezaji wenyewe wanazitangaza kuwa za nano. Ilianza na bidhaa 54. Ilipochambuliwa upya mwaka 2015 ilikuwa na bidhaa 1,814, na katika asilimia 49 ya hizo mtengenezaji hakutaja hata ni chembe za kitu gani. Uingereza, kuanzia mwaka 2006, serikali iliyaomba makampuni kwa hiari yao yatoe taarifa za chembe wanazotengeneza. Kwa miaka miwili, taarifa zilizowasilishwa hazikufika 20. Mwaka 2010 kamati ya Bunge la Mabwana iliyochunguza nano katika chakula, chini ya Lord Krebs, iliilaumu sekta ya chakula kwa kufichaficha mambo: makampuni hayakutaka kusema yanafanya nini kwa kuogopa watu watakavyopokea. Soma tena. Walioogopa walikuwa makampuni. Nao hawakuambiwa kwamba hofu yao ni ya kukosa elimu.

Ulaya ilipoamua kwamba kuanzia Julai 2013 vipodozi viandike neno nano kwenye mabano pembeni ya kiambato, ilipingwa kwa hoja kwamba mnunuzi atadhani ni onyo. Yaani herufi nne zilezile zikiwa kubwa mbele ya chupa ni sifa, zikiwa ndogo nyuma ya chupa ni fitina.

4. Anayevuna na anayevuta

Mwaka 1994, kabla nano haijawa gumzo, James Flynn, Paul Slovic na C. K. Mertz waliwauliza Wamarekani kuhusu hatari za kila namna. Kundi moja lilijitenga na yote: wanaume weupe, hasa wale wenye kipato na elimu ya juu. Wao waliona hatari kidogo karibu katika kila kitu. Wanawake weupe, wanawake weusi na wanaume weusi walikaribiana zaidi wao kwa wao kuliko walivyowakaribia hao mabwana. Miaka 17 baadaye Joseph Conti, Satterfield na Barbara Herr Harthorn waliangalia nano, wakakuta kwamba anayejiona yuko katika hali ya kuumizwa kirahisi, na anayeona kuwa hatari za mazingira hazigawanywi kwa haki, anaiona nano kuwa na hatari zaidi.

Mtetezi wa elimu atadakia: si umeona, wenye elimu hawaogopi! Naam, na hao wenye elimu ndio wanaomiliki viwanda, ndio wanaovisimamia, na ndio ambao mitambo ikivuja hawako chini yake. Utulivu wao hautoki kwenye fizikia. Unatoka mahali walipoketi.

Tangu mapema wataalamu wengi wamekubaliana kwamba chembe zilizofungwa ndani ya kitu kigumu, kwa mfano ndani ya raketi ya tenisi, hazina neno kwa mchezaji. Anayehesabiwa hatarini ni aliyeichanganya poda, aliyeisaga, aliyeipulizia. Mwaka 2009 madaktari wa China waliandika katika European Respiratory Journal habari za wanawake saba waliofanya kazi ya kupulizia rangi katika chumba kisichopitisha hewa, miezi kadhaa mfululizo. Mapafu yao yaliharibika, wawili wakafariki, na ndani ya mapafu zilionekana chembe za ukubwa wa nano. Wataalamu walibishana sana kama kosa lilikuwa la chembe au la mvuke wa kemikali katika chumba kilichozibwa. Ubishi ule una maana kwa sayansi. Kwa wale saba, kilichokosekana kilikuwa feni, barakoa na mtu wa kuwaambia wanapuliza nini. Somo juu ya maajabu ya nanometa lisingewasaidia kitu.

Fundi rangi wa Gerezani, Dar es Salaam, au Kariobangi, Nairobi, anapiga magari rangi akiwa amejifunga kitambaa puani. Kopo limeandikwa Kichina au Kiingereza. Huyu ndiye ambaye kongamano linataka kumwondolea hofu, wakati hofu ndiyo kinga pekee aliyonayo.

Wanaosema umma unashtuka ovyo wasisahau basi mithali ya aliyeumwa na nyoka na unyasi. Mwaka 1898 Lucy Deane, mkaguzi wa viwanda wa Uingereza, aliandika rasmi kwamba vumbi la asbesto linawadhuru wafanyakazi. Uingereza ikaja kuipiga marufuku asbesto yote mwaka 1999. Kwa karne nzima kati ya hapo kulikuwa na wataalamu wa kuwatuliza watu. Mapaa ya asbesto bado yamekaa juu ya vichwa vyetu, mashuleni na katika nyumba za watumishi, Afrika Mashariki nzima, na anayetumwa kuyavunja leo ni kibarua wa siku.

5. Hoja yao yenye uzito

Ipo moja, sitaikwepa. Australia ina saratani ya ngozi nyingi mno, na losheni ya kukinga jua huko ni dawa ya kila siku. Mashirika ya mazingira yalipoanza kampeni dhidi ya losheni za nano, baadhi ya watu walichanganyikiwa hata wakasema watapunguza kutumia losheni ya aina yoyote. Mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ilikuwa imepitia tafiti na kusema chembe za titani dioksidi na zinki oksidi hubaki kwenye tabaka la nje la ngozi, lile la seli zilizokufa. Kumwogopesha mtu losheni ili akaungue na jua ni kosa, na walioeneza hofu hiyo bila kupima hawana utetezi kwangu.

Kwetu jambo hili ni zito zaidi. Mtu mwenye ualbino Mwanza au Shinyanga hana anasa ya kuchagua. Saratani ya ngozi imewaua wengi wao wakiwa vijana. Ndiyo maana pale Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, ilianza kutengenezwa losheni ya Kilimanjaro Suncare kwa ajili yao. Mbele ya jua la saa saba mchana, anayemwambia mzazi wa mtoto mwenye ualbino aache losheni kwa sababu ya chembe atakuwa amemkosea mno.

Lakini tazama kisa hicho kinathibitisha nini. Mzazi huyo na mtalii wa Paje, Zanzibar, wanaweza kuwa na maarifa sawasawa ya nano, yaani karibu sifuri, na bado wakaipima hatari tofauti, kila mmoja kwa usahihi wake. Wa kwanza ana kitu cha kupoteza ambacho wa pili hana. Na Australia penyewe fujo ilizidi mwaka 2012, ulipozuka mgogoro juu ya losheni zilizonadiwa kuwa hazina nano, kumbe malighafi yake ikaja kuhesabiwa kuwa ni nano. Mnunuzi aliyesoma kila alichopewa ndiye aliyepotoshwa. Mwenye kopo ndiye alikuwa anahitaji somo, na somo lake linaitwa sheria.

6. Mwalimu atafundisha nini?

Chukua titani dioksidi ya kwenye chakula, ile inayoitwa E171, inayoipa weupe bazoka, peremende na sukari ya unga ya kupambia keki. Sehemu ya chembe zake ni za ukubwa wa nano. Mwaka 2016 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, ilisema takwimu zilizopo hazionyeshi tatizo kwa mlaji, ingawa iliomba utafiti zaidi. Ufaransa haikungoja, ikaizuia kuanzia Januari 2020. Mwezi Mei 2021 EFSA ileile ikasema haiwezi tena kuihesabu kuwa salama, kwa kuwa haiwezi kuondoa uwezekano kwamba inaharibu vinasaba. Ulaya ikapiga marufuku mwaka 2022. Uingereza ikapitia ushahidi uleule, isikubaliane na hitimisho hilo, ikaendelea kuiruhusu. Marekani inairuhusu tangu 1966, mradi isizidi asilimia moja ya uzito wa chakula. Mwaka 2023 kamati ya pamoja ya FAO na WHO ikasema haioni sababu ya kuiwekea kikomo.

Sasa niambieni, mwalimu aliyezunguka mwaka 2017 akiwaondolea watu hofu kwa jina la EFSA alirudi mwaka 2021 kuirudisha? Na kati ya Parma, makao ya EFSA, na London, ni upande upi haujaelimika? Wataalamu wakisoma majedwali yaleyale wakatofautiana, tunaita mjadala wa kisayansi. Raia wakitofautiana, tunaita ujinga.

Kampeni za elimu zina gharama nyingine ya kimyakimya: zinahamisha wajibu. Fedha iliyotakiwa kununua vipimo inanunua vipeperushi. Swali "mmepima nini?" linageuzwa kuwa "mbona mnaogopa?", na anayedaiwa jibu anakuwa mwulizaji. Ufaransa waliwahi kujaribu mjadala wa kitaifa wa nano, mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010. Wapinzani waliuvuruga ukumbi baada ya ukumbi wakidai kwamba mambo yamekwisha kuamuliwa, raia wanaitwa kupiga makofi. Walikuwa wakorofi. Je, walikuwa waongo? Fedha za utafiti wa nano zilikuwa zimekwisha kutengwa na viwanda vimekwisha kujengwa kabla kipaza sauti cha kwanza hakijawashwa.

Njia nyingine ipo, wala si ya kufikirika. Dk. Askwar Hilonga, wa chuo cha Nelson Mandela kule Arusha, alitengeneza chujio la maji linalounganisha mchanga na malighafi za nano, na mwaka 2015 likampatia tuzo ya kwanza ya Africa Prize ya Royal Academy of Engineering, pauni 25,000. Kule kaskazini mwa Tanzania watu wanayajua maji yenye floraidi. Wanayaona kwenye meno ya watoto wao. Mnunuzi wa chujio hilo hahitaji kueleweshwa nanometa. Anahitaji kujua chujio linaondoa nini na nani amelipima, linachakaa baada ya muda gani, na likichakaa linatupwa wapi. Hayo ni maswali ya mteja mwenye akili timamu. Yakijibiwa, atanunua au ataacha, na vyovyote atakavyoamua hatakuwa mgonjwa wa hofu.

Maswali hayohayo yanafaa pia kwa soksi. Mwaka 2008 Troy Benn na Paul Westerhoff wa Arizona walifua soksi zenye fedha ya nano, zile zinazodaiwa kuua bakteria wa harufu, wakakuta baadhi zinaachia karibu fedha yote ndani ya mifuo michache. Kwa hiyo zikifika soko la Gikomba, Nairobi, au Karume, Dar es Salaam, zikiwa mtumba, sifa zao zimebaki katika mabomba ya maji taka ya Ulaya, na kinachobaki kwetu ni soksi. Mara moja tu tumepunjwa kwa faida yetu.

Shirika la Viwango Tanzania, mwenzake wa Kenya na mengine ya jirani yana mahali pa kuanzia bila kungoja kongamano lolote, napo ni kwenye bidhaa za kupuliza na za unga: rangi za magari, dawa za vioo, poda za viwandani. Kila anayeziingiza nchini aandike ndani yake mna chembe gani, kwa ukubwa gani, nani amezipima kwa kuvutwa puani, na maelezo hayo yawe kwa Kiswahili juu ya kopo. Asiyeweza kuandika, mzigo wake ubaki bandarini.